Jumba la Sabuni: Siku Mabomba Yalipoamka

Kile kitu cheupe kilichotoka chini ya mlango kilimgusa Mama Pacha kidole gumba cha mguu.

Wiki nzima, tangu hadithi ilipoishia pale mlangoni, mmekuwa mkibishana. Kuna aliyesema ni moshi. Kuna aliyeapa kwamba ni mzuka wa mfanyakazi wa zamani. Fundi cherehani wa mtaani kwetu alisema ni pamba, na akanuna nilipocheka. Wote mmekosa.

Lilikuwa povu.

Povu la sabuni, jeupe, zito, linanukia ndimu, linasukumana kutoka chini ya mlango wa ukumbi wa kompyuta kama maziwa yaliyochemka wakati mpishi yuko kibarazani anapiga soga.

Na hatua chache nyuma ya Mama Pacha alikuwa anakuja Bwana Hapana.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza, sogea nikueleze haraka. Jengo hili lilikuwa kiwanda cha sabuni, kikafungwa miaka mingi iliyopita. Palipokuwa na masufuria ya kupikia sabuni, makubwa kama vyumba, sasa pamesimama makabati marefu yenye seva, zile kompyuta zisizo na kioo wala kibodi, zinazotunza kumbukumbu za watu na kuvuma kutwa kama nyuki. Mama Pacha ndiye msimamizi wa jengo. Bwana Hapana ni mkaguzi, ametumwa na hospitali zinazotaka kuweka humo kumbukumbu za wagonjwa wao. Anatembea na mihuri miwili. Mfuko wa kulia ana muhuri wa HAPANA, umelika pembe zote kwa kutumika. Mfuko wa kushoto inasemekana ana wa NDIYO, ila hajatokea mtu wa kuthibitisha.

Akipiga HAPANA, mwenye jengo anauza. Ameshasema. Anauza jengo pamoja na zile nyumba ndogo za wafanyakazi wa zamani zilizoko nyuma yake. Na katika mojawapo ya nyumba hizo anaishi mama mkwe wa Mama Pacha, mpishi wa sabuni mstaafu, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Mwiko.

Nyumba ikiuzwa, Bi Mwiko anahamia kwa mwanawe. Yaani kwa Mama Pacha. Kwenye vyumba viwili, pamoja na pacha wasiotulia, mume anayekoroma, na jiko ambalo hata mwanamke mmoja akigeuka ghafla anagonga kiwiko.

Sasa mnaelewa kwa nini Mama Pacha alilikanyaga povu lile kwa miguu yote miwili, akatandaza sketi yake ndefu, akageuka na kutabasamu.

"Mbona umesimama hivyo?" akauliza Bwana Hapana.

"Hivyo vipi, mkuu?"

"Kama kuku anayeatamia."

"Ndivyo ninavyosimama kazini."

Bwana Hapana alimtazama juu ya barakoa. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyevaa barakoa usoni na mifuko ya plastiki juu ya viatu. Vumbi hapatani nalo, na maji ndani ya ukumbi wa kompyuta hapatani nayo zaidi. Tangu alipoingia langoni alikuwa amesema sentensi moja tu ndefu: akiona tone moja la maji mle ndani, anapiga muhuri na kuondoka.

"Fungua mlango."

"Tuanze na historia kwanza. Pale pembeni kuna sufuria ya kwanza kabisa ya..."

"Sikuja kutazama masufuria."

"Basi chai."

"Hapana."

"Maji ya kunywa?"

"Hapana."

"Choo?"

Bwana Hapana alifikiri kidogo. "Hapana."

Mama Pacha alikuwa anatafuta swali la nne mlango ulipofunguka wenyewe kutoka ndani.

Aliyesimama pale alikuwa injinia wa mitambo ya baridi, kijana anayeitwa Barafu, kwanza kwa sababu ya kazi yake, pili kwa sababu hatishiki na kitu. Povu lilikuwa limemkaribia magotini. Jingine lilikuwa limetua juu ya nyusi zake kama kofia ndogo mbili.

"Mama," akasema kwa upole, "tuna jambo dogo."

Bwana Hapana alinyoosha shingo. Alitazama povu. Alimtazama Barafu. Mkono wake wa kulia ukaenda mfukoni.

"Hii ni nini?"

Mama Pacha alifungua mdomo, hakuna kilichotoka. Barafu alifungua wake, kikatoka.

"Jaribio la kuzima moto, mkuu. Tumelifanya kwa heshima yako."

Mama Pacha alitamani kumkumbatia na kumnyonga, vyote kwa pamoja.

"Jaribio," akarudia Bwana Hapana. Mkono ukatoka mfukoni mtupu. "Vizuri. Jengo la mwisho nililokagua halikuwa hata na ndoo ya mchanga. Nitaingia nilione. Halafu nataka nione mnavyolizuia."

Akaingia. Mifuko ya plastiki viatuni ikalia chwaka, chwaka.

Mama Pacha alimfinya Barafu mkono. "Unajua kulizuia?"

"Sijui hata lilivyoanza."

Waliingia. Ukumbi ulikuwa mrefu, na makabati ya seva yamepangwa safu kwa safu, taa zake ndogo zikimetameta kijani. Ukutani, nyuma ya kamba nyekundu, ulining'inia mnyororo mnene wa kiwanda cha zamani. Watu wa idara ya kutunza majengo ya kale walikuwa wameupaka rangi ya dhahabu na kutundika kibao: USIGUSE. Bwana Hapana alikisoma kibao kile, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndicho kitu cha kwanza alichokipenda.

Povu lilikuwa linatoka kwenye matundu ya sakafuni, yale matundu yanayopitisha hewa ya baridi. Lilikuwa linapanda taratibu, bila haraka. Rafu ya chini ya kila kabati ilikuwa juu kidogo ya goti. Povu lilikuwa chini kidogo ya goti.

Na katikati ya safu ya kati, kanga ameifunga kiunoni, mikono ya gauni imekunjwa, birika kubwa la bati liko miguuni, mwiko mrefu kama kasia uko begani, alikuwepo Bi Mwiko.

"Karibuni!" akaita. "Mnaona mambo? Bado yako hai haya!"

Roho ya Mama Pacha ilishuka mpaka kwenye nyayo. Alimwacha Bwana Hapana akipima joto kwa kifaa chake cha mkononi, akamvuta mama mkwe wake nyuma ya kabati.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimeamsha mabomba."

"Umeamsha nini?"

"Mabomba, mwanangu, una masikio au mapambo? Sabuni ikikaa siku nyingi inaganda ndani ya bomba. Akija mgeni mkubwa, kabla hajafika, unamwaga maji ya moto kwenye matundu ya sakafu, bomba linaamka. Hivyo ndivyo tulivyofanya hapa siku zote. Ungetaka mgeni aje akute mabomba yamelala?"

"Kiwanda hakipo, mama! Hakuna mabomba ya sabuni!"

Hapo Barafu, aliyekuwa amewafuata, alikohoa.

Wote wawili wakamgeukia.

"Yapo," akasema Barafu, akitazama dari. "Watu wa majengo ya kale walikataza tusichimbe sakafu. Basi hewa ya baridi nikaipitisha kwenye bomba la zamani. Feni zinasukuma hewa humo, inatokea matunduni."

"Umepitisha baridi kwenye bomba la maji ya sabuni?" Bi Mwiko alishika kiuno. "Shule ulikwenda kula?"

"Lilikuwa kavu, bibi!"

"Lilikuwa limelala!"

"Sabuni ya miaka yote hiyo," akasema Mama Pacha polepole, kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe, "ukaimwagia maji ya moto. Na chini yake kuna feni zinapuliza."

"Feni zangu ni nzuri sana," akasema Barafu kwa huzuni.

"Na maji ya moto yalikuwa mengi," akasema Bi Mwiko kwa fahari. "Nilirudi na birika mara nyingi. Na tungekuwa na kikosi kizima, yangekuwa mengi zaidi. Ila kikosi hakipo, tangu yule kijana wa kufuli."

Hadithi ya kijana wa kufuli Mama Pacha alikuwa ameisikia tangu wiki ya harusi yake. Wafanyakazi waliposikia kiwanda kinafungwa walikula kiapo kwamba hafungi mtu. Wakalinda lango kuu kwa zamu. Lakini asubuhi moja kijana mmoja mwenye amri ya kufunga akaingia kwa mlango wa nyuma, kwa ufunguo, akatia kufuli huku anapiga chafya mfululizo kwa ajili ya harufu ya sabuni. Ufunguo aliutoa wapi, mpaka leo haijulikani. Uso wake hawakuuona vizuri. Chafya waliisikia wote, maana inaanza kama mbuzi na kuishia kama mlango uliobamizwa. Na Bi Mwiko alikuwa ameapa mbele ya kikosi chote: siku akimtia mkononi, atamwogesha. Ndani ya sufuria. Kwa brashi ya sakafu.

"Siyo sasa, mama," akasema Mama Pacha.

"Naona joto ni zuri," ikasikika sauti ya Bwana Hapana kutoka upande wa pili. "Povu pia ni la kutosha. Sasa lizuieni."

Barafu alimtazama Mama Pacha. Mama Pacha aliitikia kwa kichwa. Barafu akaenda ukutani, akazima feni.

Povu likasimama.

"Aa," akasema Bwana Hapana.

Kisha taa ya kijani ya kabati la kwanza ikawa ya manjano. Ya pili ikafuata. Safu nzima ikaanza kulia kwa sauti nyembamba, kama vifaranga vilivyokosa mama.

"Na hilo?"

"Zinasikia joto kidogo, mkuu. Bila feni zinaiva." Barafu akawasha feni.

Makabati yakanyamaza. Povu likapanda.

Akazima. Makabati yakalia. Akawasha. Povu likapanda. Bi Mwiko aliona kwamba vijana wamezidiwa, akashusha mwiko begani na kuanza kulipiga povu kama mtu anayemfukuza fisi. Kila pigo lilizaa povu jingine dogo pembeni.

"Mama, acha!"

"Nalivunja nguvu!"

"Unalikoroga!"

"Kukoroga ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, unataka nisahau leo?"

Povu liligusa rafu ya chini. Taa moja ikawa nyekundu.

Bwana Hapana hakupandisha sauti. Watu wa aina yake hawapandishi. Alitia mkono mfuko wa kulia, akatoa muhuri uliolika pembe, akafungua mkoba na kutoa karatasi.

Mama Pacha aliuona ule muhuri, na kama mtu anayezama aliona maisha yake yote, ila si yaliyopita, bali yajayo. Alimwona Bi Mwiko akiwaamsha pacha alfajiri kwa kugonga sufuria. Alimwona akipanga upya vyombo vyote jikoni na kumwambia kila mgeni kwamba alivikuta ovyo. Alimwona mume wake katikati, anatazama huku na huku, hasemi kitu, kama kawaida yake.

Akaona na jingine, ambalo hakulitarajia. Alimwona Bi Mwiko amekaa pembeni ya kitanda cha kuazima, mwiko mapajani, hana pa kuuning'iniza.

"Mkuu, subiri!"

Akapiga hatua. Hatua ilikuwa nzuri, sakafu ndiyo haikuwa nzuri. Mguu wa kwanza ulikwenda mlangoni, wa pili ukaenda dirishani. Mama Pacha akapepesuka, akapita katikati ya Barafu na mwiko, akaikata ile kamba nyekundu kwa tumbo, akashika kitu cha kwanza kilichokuja mkononi.

Kilikuwa cha baridi, kizito, na cha rangi ya dhahabu.

"Imeandikwa usiguse!" akapiga kelele Bwana Hapana.

Mnyororo ulishuka na Mama Pacha mpaka chini.

Kisha juu ya paa kikasikika kitu kama tembo anayesafisha koo.

Na king'ora cha kiwanda cha sabuni, ambacho hakikuwa kimetoa sauti tangu siku ya kufuli, kikalia.

Kililia mpaka vioo vikatetemeka. Mnyororo ule enzi zake ulikuwa na kazi mbili: kufungua vidirisha vya paa ili mvuke utoke, na kupeleka hewa ya bomba kwenye king'ora ili watu wajue sabuni imeiva. Hakuna aliyekumbuka kuukata. Vidirisha vilifunguka juu kimoja baada ya kingine, ta, ta, ta, jua likamwagika ukumbini. Hewa ya feni ikaacha njia ya sakafuni, ikakimbilia juu, na povu la bombani likaifuata.

Simu ya upepo ya Mama Pacha ikakoroma kiunoni. Alikuwa askari wa langoni, anayependa kuitwa Kamanda.

"Mama, huku nje inanyesha sabuni. Narudia, inanyesha sabuni. Majirani wametoa nguo."

Ndani, povu lilikuwa linazama. Lilishuka kutoka kwenye rafu, likashuka gotini, likabaki viatuni. Joto likatokea juu, kwenye vidirisha. Ile taa nyekundu ikawa ya manjano, ikafikiri, ikawa ya kijani. Makabati yote yakarudi kwenye mvumo wake wa nyuki.

Mama Pacha alikuwa bado amekaa sakafuni, mnyororo mkononi, kiatu kimoja hakijulikani kilipo.

Bwana Hapana alikitazama kifaa chake cha kupimia joto. Akakigonga kwa kidole. Akakitazama tena.

"Kumepoa kuliko nilivyokuta," akasema.

"Ndiyo, mkuu," akasema Barafu, macho makavu. "Ni mtambo wa akiba. Unatoa joto juu hata umeme ukikatika. Unaendeshwa na..." akamtazama Mama Pacha pale chini, "na msimamizi."

"Na kibao cha usiguse?"

"Ili wasiohusika wasiguse," akasema Mama Pacha kutoka sakafuni.

Bwana Hapana alikisoma kibao kile mara ya pili. Kisha, jamani, akaurudisha muhuri wa HAPANA mfukoni. Akahamisha mkoba mkono wa pili. Akatia vidole mfuko wa kushoto, akapapasa kama mtu anayetafuta jino lililodondoka, akatoa kisanduku kidogo ambacho kifuniko chake kilikuwa hakijapata kufunguliwa.

Barafu, ambaye hatishiki na kitu, akakaa chini.

"Mama!" Simu ya upepo tena. "Hapa langoni kuna watu. Wengi. Wazee. Wanasema wamesikia king'ora, wamekuja zamu."

"Wazuie!"

"Nimejaribu. Kuna bibi amenikabidhi pochi yake na kuniambia nichomekee shati."

Walikuwa wameshaingia. Waliingia ukumbini kwa mstari, wazee kwa mabibi, wengine na fimbo, wengine na aproni zilizofifia, wengine na brashi za sakafu walizozitoa wanakozijua wenyewe. Povu la king'orani lilikuwa limewatua kichwani. Mbele yao alitembea mnyapara wa zamani, mgongo umepinda lakini kifua kiko mbele.

"Tumechelewa kidogo," akamwambia Mama Pacha, "magoti. Masufuria yako wapi?"

"Mzee wangu, kiwanda..."

"Usiniambie. Nyie mabwana wadogo kila siku mnahamisha vitu." Akageuka. "Haya, sakafu hii ni aibu! Kausheni!"

Wakaanza kukausha. Bwana Hapana akawa anawatazama kwa jicho la kitaalamu.

"Kikosi cha dharura pia," akasema. "Hiki sikuwahi kukiona popote."

"Tunajitahidi," akasema Mama Pacha, anatafuta kiatu chake kwa mguu.

Bi Mwiko alikuwa anawasalimia wenzake, anacheka, anapigwa mabegani. Mama Pacha hakuwa amemwona na uso ule tangu siku pacha walipozaliwa. Bwana Hapana akaweka karatasi juu ya mkoba, akaunyanyua muhuri wa NDIYO, akaubonyeza pembeni kwa majaribio.

Hakuna kitu. Wino ulikuwa umekauka. Muhuri usiotumika hukauka, kila karani anajua hilo.

"Ngoja," akasema Bwana Hapana. Akashusha barakoa ili aupulizie kwa mdomo, haa, kama makarani wanavyofanya.

Kupuliza ni lazima kwanza uvute pumzi. Akaivuta. Ndimu yote ya ukumbi ule ikamwingia puani.

Pua ikacheza. Macho yakamlegea. Mama Pacha aliona jambo linakuja, hakulijua ni jambo gani.

"Meee... meee... mee-TAA!"

Ilianza kama mbuzi. Iliishia kama mlango uliobamizwa, na ikaulowesha wino wa muhuri.

Brashi zote zikasimama sakafuni.

Yalisikika makabati tu yakivuma. Mnyapara aliinua kichwa taratibu. Bibi wa aproni ya buluu akaweka mkono kifuani.

"Rudia," akasema mnyapara.

"Samahani, ni harufu ya... meee... mee-TAA!"

"Ni yeye!" Sauti zilitoka kila upande. "Kijana wa kufuli!" "Mungu hamtupi mtu!" "Amezeeka, lakini chafya ni ile ile!" "Bi Mwiko, umemwona? Kiapo chako!" "Leteni sufuria!"

Mnyapara alikwenda mlangoni, akaufunga, akageuza ufunguo na kuutia mfukoni mwa aproni. Kikosi kikajipanga duara, brashi juu, Bwana Hapana katikati, karatasi mkono mmoja, muhuri mkono wa pili, na kati ya muhuri na karatasi nafasi ya unene wa kidole.

"Wazee wangu," akasema Mama Pacha, akiruka kwa mguu mmoja kuingia kati, "mkuu apige muhuri kwanza. Kidogo tu, paa, halafu mtazungumza yenu. Nyumba zenu zimo humo! Mama, waambie! Wewe wanakusikiliza!"

Akamgeukia mama mkwe wake, akakuta jambo la ajabu.

Bi Mwiko alikuwa amerudi nyuma mpaka kwenye kabati. Mwanamke huyu, ambaye hajawahi kuacha ugomvi upite mlangoni bila kuuita ndani, alikuwa anaitazama sakafu.

"Mwacheni," akasema kwa sauti ndogo. "Ni mgeni. Yamepita hayo."

"Yamepita?" mnyapara akashangaa. "Si ulisema utamwogesha?"

"Nilisema nikiwa na hasira."

"Unasema hivyo kila mwaka!"

"Mama," akanong'ona Mama Pacha, "una nini?"

Bwana Hapana alifuta pua. Alizitazama brashi, akautazama mlango uliofungwa, na uso wake mkavu ukaingia doa la wekundu. Pengine ilikuwa hofu. Pengine ni jambo ambalo lilikuwa limemkaa kooni miaka yote hiyo, kama chafya.

"Ni kweli, kufuli nilitia mimi," akasema. "Nilitumwa. Lakini mseme yote. Ule ufunguo wa mlango wa nyuma sikuuiba. Nilipewa."

"Muongo! Na nani?"

"Na mtu wa humu humu. Mpishi. Alinipa pamoja na kipande cha sabuni ya ndimu. Akaniambia, 'Mwanangu, wewe funga tu, mimi nimechoka kuamka alfajiri. Lakini siku ukinitaja, nitakuogesha.'"

Nyuma ya Mama Pacha kitu kirefu cha mti kikaanguka sakafuni, kikadunda, kikalala.

Ulikuwa mwiko.

Kikosi kizima kikageuza shingo, taratibu, kuelekea kwenye kabati. Na hewani, juu ya karatasi, muhuri wa NDIYO ulikuwa umeanza kukauka tena.